Uzamili Nikiwa Langoni: Shajara ya Miaka Miwili

9 Septemba 2023

Leo nimelipa awamu ya kwanza ya karo na nimepata nambari ya usajili. Ni shahada ya uzamili katika elimu ya Kiswahili, kwa njia ya masafa. Nitasoma hapa hapa Langoni, Lamu, bila kuacha darasa langu la Gredi ya 3 wala watoto wangu watatu.

Kabla ya kulipa nilihakikisha mambo mawili. Kwanza, kwamba programu yenyewe, si chuo tu, imo katika orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Chuo kinaweza kuwa na hati halali na bado kozi moja ndani yake ikawa haijaidhinishwa, na anayeumia ni mwanafunzi. Pili, nilipiga simu kuuliza mitihani inafanyiwa wapi. Jibu: Mombasa. Kwa mtu wa Nairobi hilo si neno. Kwangu mimi ni mashua hadi Mokowe, kisha basi la alfajiri lipite Hindi, Witu, Garsen na Malindi, siku nzima njiani, halafu kulala ugenini. Nimelikubali nikijua.

Jioni ami alipita kutujulia hali. Mtu wa darsa, amekula chumvi nyingi, na elimu kwake ni kukaa mbele ya mwalimu, kitabu mapajani. Akaniuliza, "Mwanangu, hii digrii ya simu, huko mbele itakubaliwa?"

Nikamwambia kwamba Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini wanafunzi wa mbali tangu 1858. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kimekuwa kikifundisha kwa posta tangu 1946, na Mandela alipata shahada yake ya sheria kutoka chuo hicho 1989 akiwa bado mfungwa. Watanzania wana Chuo Kikuu Huria tangu 1992. Na hapa kwetu, mwezi uliopita tu, tarehe 3 Agosti, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kimepewa hati yake. Ami akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mandela alikuwa kafungwa, hana la kufanya. Wewe una shule, una watoto, una mume baharini. Mwalimu wako nani? Utakaa mbele ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nimeliandika swali lake ukurasa wa kwanza wa daftari hili.

14 Oktoba 2023

Wiki ya tano. Nimejaribu kusoma usiku nikashindwa: nikimaliza kulaza watoto macho yananiuma, nasoma aya moja mara nne. Sasa naamka saa kumi alfajiri. Namaliza sala, nakaa dakani, kijiukumbi cha mlangoni, mlango umefungwa, na saa kumi na mbili nasimama kuwasha jiko. Hizo ni kama saa moja na nusu za kweli. Siku tano kwa wiki zinanipa zaidi ya saa saba, na Jumamosi naongeza nne. Chuo kinasema kila kozi inataka saa kumi kwa wiki na mimi nina kozi tatu. Hesabu haikubali. Nimeamua kusoma kwa ukamilifu kile kinachotahiniwa na kinachohitajika kwa tasnifu, na mengine kuyapitia tu.

Bando la usiku ni rahisi kuliko la mchana, kwa hiyo makala zote nazipakua kabla ya alfajiri, naziweka kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, halafu mchana nasoma bila intaneti. Akaunti ya bure ya JSTOR, maktaba ya mtandaoni ya makala za kitaaluma, inaniruhusu kusoma makala 100 kwa mwezi mtandaoni. Sijawahi kufika hata 20.

Mfumo wa masomo ya mtandaoni wanaotumia chuoni ni Moodle. Nimesoma kwamba aliyeubuni, Martin Dougiamas, alikulia jangwani huko Australia Magharibi, mbali na shule yoyote, akasomeshwa kwa redio. Hilo limenifariji zaidi ya vile nilivyotarajia. Nikiufungua ule ukurasa ukachukua dakika tatu kuonekana, nakumbuka kwamba uliwazwa na mtu aliyewahi kuwa mtoto wa mbali.

Tumepatana wanafunzi watatu: mmoja yuko Mpeketoni, mmoja Faza, mmoja Malindi. Kila Alhamisi usiku tunapigiana simu ya pamoja. Si mazungumzo ya kupoteza wakati. Kila mmoja anaeleza makala moja aliyosoma kwa dakika kumi, wengine wanauliza. Wa Faza huwa amepanda darini kutafuta mtandao, na upepo unaposikika kwenye simu tunajua yuko pale.

27 Novemba 2023

Sikufanya mtihani.

Mvua hizi za El Niño zimeikata barabara. Maji ya Tana yamefika Gamba na Lango la Simba, na mabasi yamesimamisha safari. Nilivuka hadi Mokowe na begi langu, nikakaa kituoni kwa muda wa saa tatu, ndipo karani wa basi akatutangazia turejee sote, hakuna gari. Ndege ya kutoka Manda ipo, lakini nauli yake ni karibu robo ya karo yangu ya muhula. Nilirudi na mashua ya saa nne, nikaingia darasani na viatu vyangu vya safari.

Nikaandikia ofisi ya mitihani siku hiyo hiyo, nikaambatisha picha ya barabara. Jibu lilikuja baada ya siku nne: mwanafunzi "anatarajiwa kupanga usafiri wake mapema". Niliumia. Nikaenda kwa chifu, akaniandikia barua yenye muhuri kwamba barabara haipitiki. Mwenzangu wa Mpeketoni naye akafanya vivyo hivyo. Tukatuma barua mbili kwa pamoja, tukamnakilia mkuu wa idara. Ndani ya wiki moja tukakubaliwa mtihani maalumu mwezi wa Aprili.

Neno kwa yeyote atakayesoma kwa masafa akiwa kisiwani: msilalamike mmoja mmoja. Andikeni pamoja, na kila siku ya dharura mpate karatasi yenye muhuri siku ile ile, si wiki ijayo.

19 Januari 2024

Leo nataka kuandika polepole, kwa sababu nadhani tasnifu yangu imezaliwa leo.

Nilikuwa nikisahihisha insha za Gredi ya 3. Mtoto mmoja, msichana mdogo anayeketi karibu na dirisha, ameandika: *Mama aliniambia ndoo tule.* Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikaweka duara jekundu kwenye *ndoo*, juu yake nikaandika *njoo*. Nimefanya hivyo mara mia katika miaka kumi na moja ya kufundisha.

Nilipomrudishia daftari alilitazama, akanitazama mimi, akasema kwa adabu tu, bila ubishi, "Lakini mwalimu, wewe nawe wasema ndoo."

Na kweli. Dakika mbili kabla yake nilikuwa nimemwita mwenzake mlangoni: "Ndoo hapa." Mimi ni Mwamu, mtu wa Amu, yaani Lamu, na lahaja yetu ni Kiamu. Nyumbani nasema *ndia*, nasema *mato*, nasema *mtele*, nasema *moya*. Darasani nikizungumza kitabu nasema *njia*, *macho*, *mchele*, *moja*. Napita kutoka huku kwenda kule bila kujijua, kama mtu anayevua viatu mlangoni. Yule mtoto hajaambiwa na mtu yeyote kwamba kuna mlango. Anaona duara jekundu tu.

Halafu, kwenye daftari la pili kutoka juu, nikaona hili: *Nina njugu wawili, mmoja yuko Matondoni.* Njugu wawili! Mwaka jana ningecheka, nikaandika *ndugu*, nikaendelea. Leo nilikaa nalo. Huyu mtoto si kwamba hajui neno ndugu. Amesahihishwa mara nyingi mno kwamba *nd* ni makosa na *nj* ndiyo sawa, *ndoo* kuwa *njoo*, *ndia* kuwa *njia*, *ndaa* kuwa *njaa*, basi ameunda kanuni yake mwenyewe na kuitumia kila mahali. Kanuni yake ni ya akili kabisa. Nilifungua madaftari mengine. Nikakuta *njani ya nyumba*, mara mbili, kwa watoto tofauti.

Nimekaa na madaftari hadi adhana ya magharibi.

23 Machi 2024

Ramadhani. Saa zangu zimebadilika zote. Sasa nasoma baada ya tarawehe hadi saa sita, kisha nalala kidogo kabla ya daku.

Nimesoma historia ya usanifishaji kwa jicho jipya. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ndio uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, mbele ya Kimvita, lahaja ya Mombasa. Kamati ya lugha ya maeneo yote ya Afrika Mashariki ikaanza kazi 1930. Kiamu, lahaja iliyobeba tenzi kongwe za pwani hii, hakikuwa hata mshindani mezani. Siandiki haya kwa kinyongo. Nchi zilihitaji maandishi ya aina moja, na mimi mwenyewe nakula kwa Kiswahili sanifu. Lakini muhula huu chuo kimenipa kozi ya ushairi wa kale ambamo nasoma *mato* na *ndia* na *moya* kama hazina ya fasihi, na asubuhi naingia darasani kuyazungushia duara jekundu.

Sera yenyewe inasema mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya mazingira yake. Mtu wa bara akisikia hivyo anafikiri Lamu hakuna shida, si lugha yao ni Kiswahili? Hapo ndipo penye pengo la utafiti. Mtoto wa Kigiriama anajulikana kwamba anajifunza lugha ya pili. Mtoto wa Kiamu anadhaniwa anakosea lugha yake mwenyewe.

Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Matondoni 1927 na kufariki 2017, ndiye anayehesabiwa kutupa neno *runinga*. Taifa zima linatumia neno la Mwamu kila jioni likitazama habari. Hili nimeliweka kwenye utangulizi wa pendekezo langu. Sijui kama msimamizi ataliacha.

14 Mei 2024

Leo nimetetea pendekezo, na sijui nianze wapi.

Shule zimefunguliwa jana baada ya kuahirishwa kwa ajili ya mafuriko. Jumapili, tarehe 12, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimekatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima mtandao unatambaa. Utetezi wangu ulikuwa wa video, leo, saa tano. Saa mbili asubuhi nilijaribu kuingia: picha inaganda, sauti inakuja vipande vipande.

Niliomba isiahirishwe. Nikatuma slaidi kwa barua pepe, zikachukua dakika arubaini kufika. Nikampigia msimamizi simu ya kawaida, isiyotumia intaneti. Akaiweka kwenye spika karibu na kipaza sauti cha chumba, wao wakafungua slaidi kwao, mimi nikiwa ofisi ya naibu mwalimu mkuu nikisema, "Sasa fungueni ya nne." Nimetetea hivyo kwa dakika hamsini. Sikuona uso wa mtu hata mmoja.

Mmoja wa jopo akauliza kwa nini nisichukue tu darasa langu. Nikasema mimi ndiye niliyekuwa nikiweka yale maduara, siwezi kuwa mtuhumiwa na hakimu. Nitakwenda shule nne za kisiwani, wanafunzi wa Gredi ya 3 ambao kwa jumla ni 240. Kwa fomula ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli, 240 gawanya kwa 1 jumlisha 240 mara mraba wa 0.05, yaani 240 kwa 1.6, sampuli inakuwa 150. Pendekezo limepita, na marekebisho.

3 Agosti 2024

Sura ya kwanza imerudi. Msimamizi wangu si mtu wa maneno mengi. Pambizoni mwa ukurasa wa tatu ameandika: *Mwalimu, hapa unalia. Andika utafiti.*

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu niliusoma ule ukurasa tena, nikaona kweli ninalia. Nilikuwa nimejaza *dhuluma*, *kudharauliwa*, *kusahauliwa*, na hakuna mfano hata mmoja wa neno aliloandika mtoto. Nimefuta kurasa mbili nzima. Mahali pake nimeweka sentensi ile ya *ndoo tule*, na maelezo ya sauti: *nd* ya Kiamu inayolingana na *nj* ya sanifu, *t* inayolingana na *ch*, *y* inayolingana na *j*. Ukurasa sasa ni mfupi na unauma zaidi.

Jambo linaloniumiza kwa kweli katika kusoma kwa masafa ni kungoja. Bahari siihesabu, nimeizoea. Sura niliyotuma 11 Juni imerudi 1 Agosti, wiki saba. Wenzetu walio chuoni humvizia msimamizi mlangoni. Sisi tuna barua pepe inayozama. Nimeanza utaratibu: kila nikituma sura, natuma pamoja nayo swali moja tu, fupi, la kujibika kwa ndiyo au la. Swali linajibiwa kesho yake. Akishajibu swali, ameshafungua faili.

5 Oktoba 2024

Kibali kutoka Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu kimepatikana. Maombi ni ya mtandaoni, lakini kibali chenyewe hakitoshi. Lazima ukipeleke kwa kamishna wa kaunti na kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti, upate barua zao, ndipo mwalimu mkuu akufungulie lango. Hapa nilipata faida ambayo wa Nairobi hana. Ofisi zote nilizimaliza kwa siku mbili, kwa miguu na mashua, na kila ofisi kulikuwa na mtu anayenijua kwa mama yangu.

Ridhaa ya wazazi imechukua muda mrefu zaidi. Nilikaa milangoni mwa shule saa za kuchukua watoto, fomu mkononi, nikieleza kwamba jina la mtoto halitaandikwa, kila daftari litapewa nambari. Mama mmoja, kikapu kichwani, akanisikiliza, akauliza, "Kwani Kiamu chetu ni makosa, mwalimu?"

Nikamwambia hilo ndilo ninalokwenda kulitafuta. Akatia sahihi, akawaita wenzake wawili waliokuwa wanapita nao watie.

22 Februari 2025

Madaftari yamekamilika. Kila mtoto ameandika insha moja, *Siku ya Maulidi*, na hadithi moja fupi ya kujichagulia. Nimezipiga picha zote kwa simu, nikarejesha madaftari siku ile ile ili masomo yasisimame. Picha ziko mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi iliyo kabatini kwa mama, na kwenye barua pepe. Mwenzetu wa Faza alipoteza sura nzima Desemba, kompyuta ilipoingia maji ya chumvi kwenye mashua. Alilia kwenye simu na sote tukanyamaza. Tangu siku hiyo sipandi chombo na kazi isiyo na nakala.

Kazi ya sasa ni kuweka kila kosa katika kundi lake: je, ni athari ya lahaja au ni tahajia tu? Sikutaka kuamua peke yangu. Mwalimu mwenzangu, Mkamba aliyefundisha Lamu miaka sita, amekubali kuweka alama pamoja nami. Tulichukua maneno 100, kila mtu kwake, bila kushauriana.

Tulikubaliana kwenye 84. Nikafurahi, kisha msimamizi akanikumbusha kwamba watu wawili wanaweza kukubaliana kwa bahati. Sote wawili tuliweka maneno 60 kundi la lahaja na 40 la tahajia, kwa hiyo kubahatisha tu kungetupa makubaliano ya 0.6 mara 0.6 jumlisha 0.4 mara 0.4, ambayo ni 0.52. Kapa ya Cohen, kipimo cha makubaliano baada ya kuondoa bahati, ni 0.84 toa 0.52, gawanya kwa 1 toa 0.52. Inakuja 0.67. Msimamizi anataka isipungue 0.8.

Tukakaa Jumamosi nzima na yale maneno 16 tuliyotofautiana. Nusu yake yalikuwa ya aina ya *njugu* na *njani*. Mwenzangu aliyaweka kwenye tahajia. "Hakuna Mwamu anayesema njugu kwa maana ya ndugu," akaniambia, "basi lahaja iko wapi?" Mimi niliyaweka kwenye lahaja, kwa sababu bila Kiamu na bila duara jekundu yasingekuwepo. Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwisho tukaona sote tumekosea: tulihitaji kundi la tatu. Tumeliita *usahihishaji wa kupita kiasi*. Tukarudia na maneno mengine 100, na kapa ikapanda hadi 0.85.

Nilimpigia msimamizi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliongea dakika ishirini bila kusimama. Akasema kundi hilo la tatu ndilo tasnifu, mengine ni mandhari yake.

Nafikiri kama ningehamia Nairobi kusoma, kama nilivyoshauriwa na watu wengi wanaonipenda, ningeandika kuhusu jambo jingine kabisa, pengine vitabu vya kiada au sera. Daftari lile lilikuwa Langoni, na mkono ulioweka duara ulikuwa wangu.

28 Juni 2025

Kuandika tu. Sura ya nne ina kurasa 61 na bado. Alhamisi zetu zinaendelea. Wa Malindi amejiondoa muhula huu kwa sababu ya karo, lakini bado anapiga simu na kusoma kazi zetu, na tunachanga kidogo kidogo ili arejee Septemba.

Darasani nimebandika karatasi kubwa ukutani yenye pande mbili. Upande mmoja *Nyumbani twasema*, wa pili *Kitabuni twaandika*. Watoto wenyewe wanaijaza. *Mai* na *maji*. *Kitwa* na *kichwa*. *Kutinda* na *kuchinja*. Mvulana mmoja aliweka *ndugu* upande wa nyumbani, akasimama mbele ya upande wa pili, kalamu hewani, kwa muda mrefu sana. Kisha akaandika *ndugu* tena. Akanigeukia kuona kama nitasema kitu. Sikusema kitu, nikamtikisia kichwa.

11 Oktoba 2025

Tasnifu imewasilishwa tarehe 30 Septemba. Sasa iko kwa watahini, wa ndani na wa nje. Tarehe ya utetezi haijapangwa. Safari hii nitakwenda mwenyewe, kwa basi, siku mbili kabla, iwe jua iwe mvua.

Ami amepata nakala. Nilimpelekea ile iliyochapishwa saiba, ya karatasi za kawaida, bila jalada. Nilidhani ataitazama tu kwa heshima. Amekaa nayo wiki mbili. Jana alinitumia mtoto aniite.

Nilimkuta barazani, miwani usoni, penseli ya mbao mkononi, kurasa zimejaa alama. Hakugusa hesabu wala nadharia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiambatisho, orodha yangu ya maneno ya Kiamu. "Hapa umeandika neno la Amu, hapa la Pate, umeyachanganya," akasema. "Na hili, wazee wa Mkomani hawalitamki hivi. Nani alikwambia?" Nikasema mama. "Mama yako kalelewa Faza," akajibu.

Alikuwa na haki. Nimehesabu, maneno saba.

Akasogeza mto kando yake, akasema, "Kaa hapa, mbele yangu. Tuanze neno la kwanza."

Tumefika herufi ya *k* usiku wa jana. Leo baada ya isha narudi na daftari.